Tulienda picnic hifadhini na mama mkwe, tukasahau kwamba porini hakuna kuta

Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka huu nilimpoteza mke wangu, mama Anitha.

Wakuu, salamu kwenu wote, mlioko kazini na mlioko kitandani na bando lenu.

Naanza na hiyo tarehe ili mtu asije kuniuliza katikati ya uzi mama watoto alikuwa wapi. Pole zenu nazipokea kabisa. Ila uzi huu sio wa msiba, ni wa picnic.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Pale nilipokosea mimi nitasema nilikosea mimi. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo atakayeona koma imekaa vibaya aisogeze mwenyewe.

Naishi Ntobeye, wilaya ya Ngara. Ni seremala, natengeneza vitanda, milango na madirisha. Mimi ni Mhangaza. Mke wangu alikuwa Msukuma wa Biharamulo, wazazi wake walihamia pale kutoka Shinyanga na ng'ombe zao wakati yeye bado anabebwa mgongoni.

Tuna watoto wawili. Anitha ana miaka minane na anaongea kama redio. Josia ana miaka mitano.

Baada ya mazishi, mama mkwe hakurudi kwake. Alisema hawezi kuwaacha wajukuu na mwanaume anayeunguza hata chai. Ni kweli, chai niliwahi kuiunguza. Akachukua kile chumba cha uani, karibu na jiko.

Sasa hapa ndipo penye uzi.

Kwa wasiojua, na Wasukuma wa humu mtanirekebisha: mkwilima, yaani mkwe wa kiume, na mama mkwe hawapeani mikono. Hawapishani kwenye njia nyembamba. Na hawali wakiwa wanaonana. Kumwona mama mkwe anatafuna ni aibu. Yeye kukuona wewe unatafuna ni aibu mara mbili. Kwetu Wahangaza tuna heshima zetu kwa wakwe, lakini mama huyu ni wa lile daraja la zamani kabisa.

Shikamoo namtolea nikiwa nimechuchumaa kwa mbali. Yeye anaitikia marahaba huku anaangalia migomba.

Mengine yote yanapita kwa Anitha. Mama yuko hatua nne kutoka nilipo, anasema, "Anitha, mwambie baba yako chumvi imeisha."

Nimesikia. Lakini nasubiri.

"Baba, bibi anasema chumvi imeisha."

"Mwambie bibi nitanunua."

"Bibi, baba atanunua."

Mtoto amefanya kazi hiyo miezi mitano bila likizo.

Kwenye kula ilikuwa hivi: mama anakula jikoni amefunga mlango. Mimi nakula sebuleni nimeshusha pazia. Anitha anakula popote, mara nyingi akiwa amesimama anapeleka ujumbe.

Shida ilikuwa Josia.

Mama yake alipokuwepo tulikuwa tunakula sinia moja sisi wanne, na Josia ndiye alikuwa anamaliza mchuzi. Baada ya msiba akaanza kuchukua sahani yake na kwenda nayo nyuma ya mlango. Ukimfuata anahama. Anakula matonge mawili, mengine yanaliwa na kuku. Kuku wetu walinenepa, mtoto akakonda.

Shuleni ikawa vilevile. Mwalimu wake wa darasa la awali aliniita akaniambia, "Baba Josia, saa nne tukigawa uji huyu anaondoka na kikombe chake. Anaenda nyuma ya darasa. Huko wakubwa wanamnyang'anya."

Nikajua ni majonzi. Kila mtu alijua ni majonzi. Nilimnunulia biskuti, akaenda nazo nyuma ya mlango.

Mwezi wa tano mama mkwe akasema na mimi, kwa njia ile ile:

"Anitha, mwambie baba yako, huyu mtoto hali. Shule zikifungwa naondoka naye Biharamulo. Kule kuna maziwa, kuna watoto wenzake. Akae huko huko."

Anitha alinigeukia lakini safari hii hakurudia maneno. Aliniangalia tu.

Wakuu, mngejibu nini? Mama huyu amefiwa na binti yake, anafua nguo za watoto wangu, na mtoto kweli anakonda. Nilisema, "Mwambie bibi sawa." Halafu nikaenda kwenye karakana nikapiga randa ubao mpaka ukawa mwembamba wa kutupwa.

Huku Anitha anabaki kwa sababu ya shule, na bibi angekuja kutusaidia mara moja moja. Lakini Josia ndio alikuwa anaenda moja kwa moja.

Ndio nikapata wazo la picnic.

Ukitoka Ngara kwenda Biharamulo unapita jirani na hifadhi. Mke wangu kila tulipopita kwenda kwao alikuwa anasema siku moja tuingie tukaone twiga. Nilikuwa namjibu twiga hawahami. Nikasema, kama Josia anaenda, basi siku hiyo tuingie, tukae pamoja, tule, mtoto aondoke na kitu kizuri kichwani. Picha za picnic nilikuwa naziona kwenye simu, familia zimekaa kwenye majani zinacheka. Haikuonekana kazi ngumu.

Nikakodi Noah ya jamaa mmoja anaitwa Deo, mtu wa Kabanga. Deo anaendesha vizuri, ila mdomo wake hauna breki.

Jumamosi hiyo mama na Anitha waliamka mapema wakapika. Ndizi na nyama, kuku wa kukaanga, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Msukuma hasafiri bila michembe. Mimi nilipanga vyombo: mkeka, maji, mwavuli, sahani tano.

Deo akahesabu akasema, "Tano. Kumbe na mimi nimo, asante bosi."

Nikamwambia ndiyo, umo. Haikuwa hivyo, nilihesabu kwa mazoea, na mama Anitha ndani. Lakini alifurahi na mimi sikuona sababu ya kumsahihisha.

Mama alikaa kiti cha nyuma kabisa, mimi mbele na Deo, ili tusionane. Tulipita Benaco, Nyakahura, tukatembea na ule msitu mpaka getini. Josia alikuwa dirishani muda wote. Deo kila akiona ng'ombe anapiga kelele, "Josia! Nyati!" Josia anamjibu, "Hiyo ni ng'ombe, anko." Mara ya tano nikasikia mama mkwe anacheka huko nyuma, akajizuia haraka.

Getini tukapewa askari wa hifadhi wa kutuongoza, dada mmoja mrefu, mcheshi, bunduki begani. Tukaona swala wengi. Tukaona pundamilia. Twiga tukawaona watatu, mmoja amesimama barabarani kabisa na hana haraka. Anitha alimpungia mkono. Mimi niligeuka nyuma kusema neno kwa mtu ambaye hayupo, nikakutana na uso wa mama mkwe. Wote tukaangalia pembeni kama tumeungua.

Saa saba hivi tukafika sehemu ya picnic. Wakuu, ni pazuri. Majani yamekatwa, miti mikubwa miwili ya kivuli, na kwa chini unaona ziwa. Nikatandika mkeka. Anitha akapanga sahani. Kuku akafunuliwa. Harufu ikatoka.

Mama mkwe akabaki amesimama.

Na mimi nikabaki nimesimama.

Hapo ndipo akili iliponijia. Nilikuwa nimepanga kila kitu mpaka vijiti vya meno, mimi, mtu ninayetengeneza milango kwa kazi, na sikufikiria kabisa kwamba porini hakuna mlango. Miezi mitano tumeishi vizuri kwa sababu ya kuta, leo nimetoa watu kwenye kuta nikawaleta uwanjani waje wale.

Nikasema polepole, "Anitha, mwambie bibi mimi nitakula kule nyuma ya mti."

Askari akadakia. "Nyuma ya mti upi? Hapa hakuna kujitenga. Nyati wanapenda kulala kwenye vichaka vile. Mnakaa kundi moja, hapa hapa."

"Basi bibi atakula ndani ya gari."

Deo akaruka. "Kuku ndani ya gari yangu? Nyani wakinusa hiyo harufu wataniachia viti vya chuma! Mama, nisamehe, gari la mkopo."

Askari akamwunga mkono kuhusu nyani. Akatuangalia mmoja mmoja. "Kwani mmegombana?"

Anitha akamweleza. Mtoto alieleza vizuri kuliko nilivyoeleza hapo juu. Yule dada alisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye ni Mhaya na kwao mambo haya si makali hivyo, lakini nyati hajali kabila.

Basi tukaanza ufundi.

Kwanza Anitha alisimama na khanga ameinyoosha mikono juu, ndio ukuta. Upepo wa ziwani ukamfunika nayo kichwani. Deo akachukua upande mmoja, akawa anachungulia kwenye kuku. Mama akasema kitu kwa Kisukuma, sikukielewa ila Deo aliachia khanga.

Pili, mwavuli. Mama akakaa pembeni ya mkeka, akafungua mwavuli akauweka mbele yake kama ngao. Mimi nikakaa upande wa pili. Ukiangalia ulikuwa unaona mwavuli mweusi na miguu miwili. Mwavuli ukaanza kutafuna taratibu.

Nilicheka wakuu. Nilijitahidi, nikashindwa. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu mwezi wa kwanza, nikashtuka mwenyewe kusikia sauti yangu. Askari akacheka, Deo akacheka akapaliwa na michembe.

Katika kucheka huko hakuna aliyemwangalia Josia.

Josia alikuwa amechukua sahani yake, mikono miwili, akapita nyuma ya Deo, akashuka kwenye majani marefu kuelekea kichuguu kikubwa kilichokuwa kule chini. Nilimwona ameshafika.

"Josia!"

Askari alikuwa tayari anakimbia. Na kabla hajafika, ndani ya tundu la kile kichuguu kukatoka ngiri. Mkubwa, meno nje, mkia juu umesimama kama antena. Alipita karibu na Josia kama pikipiki isiyo na taa.

Sahani ilienda upande wake na mtoto upande wake.

Ngiri hakuwa na shida na sisi, alikuwa anakimbia maisha yake. Alipotea vichakani. Askari akarudi amembeba Josia, mzima, shati limejaa mchuzi. Akamweka kwenye mkeka. Hakuwa mkali, alichuchumaa mbele yake.

"Ulikuwa unaenda wapi, kijana?"

"Kula."

"Chakula kiko hapa. Mbona uende kule?"

Josia akamwangalia kama mtu anayeulizwa kitu kinachojulikana. "Hapa watu wananiona."

"Wakikuona kuna shida gani?"

"Watu wakubwa wanajificha wakila. Baba anajificha. Bibi anajificha." Akaonyesha mwavuli. "Mimi nimeshakuwa mkubwa. Waliniambia siku ile ya mama."

Nikakumbuka. Siku ya mazishi ndugu zangu wote walikuwa wanampapasa kichwa na kumwambia usilie, sasa wewe ni mwanaume mkubwa. Na mimi nilimwambia. Nadhani mimi ndio nilianza.

Kwa hiyo sio kwamba mtoto alikataa chakula. Alichukua tulichomwambia, akaangalia wakubwa wa nyumbani kwake wanavyofanya, akafanya. Kwake kula kulikuwa kama kwenda chooni. Unafunga mlango.

Deo alirudisha kipande chake cha kuku kwenye sahani.

Mwavuli ulikuwa umeacha kutafuna.

Halafu nikasikia sauti ya mama huko nyuma yake. "Anitha. Mwambie baba yako ageuke aangalie ziwa."

Nikageuka nikaangalia ziwa. Nilisikia mwavuli unafungwa. Nikasikia mkeka unakwaruzwa, mama anajivuta kwa magoti yake yanayouma. Akaja akakaa katikati ya mkeka nyuma yangu, akanigeuzia mgongo. Sio kugusana, wakuu. Kulikuwa na nafasi ya kupitisha sinia. Yeye akiangalia msitu, mimi nikiangalia ziwa. Hanioni, simwoni.

"Anitha, wape chakula wote. Baba yako na mimi. Josia aone."

Tukaanza kula.

Josia alisimama. Akaja mbele yangu, akaniangalia mdomo. Akainama kabisa kuhakikisha. Nikatafuna mbele yake kwa nguvu, nikafungua mdomo nikamwonyesha ndizi. Akazunguka upande wa pili.

"Bibi anatafuna!" akapiga kelele. Akarudi kwangu mbio. "Baba, bibi anatafuna! Ana meno machache!"

"Yaache hayo machache," mama akasema. "Yanafanya kazi. Kaa chini ule."

Alikaa katikati yetu, kwenye ile nafasi. Hatukumpa sahani, ile yake alikuwa ameirithi ngiri. Alikuwa anachukua kwangu, anageuka anachukua kwa bibi yake, anarudi kwangu. Alikula ndizi, akala paja zima la kuku, akala michembe mpaka Anitha akalalamika. Nilikuwa nasikia tu mkono wake mdogo unapita kiunoni kwangu kutafuta sahani.

Niliangalia ziwa. Sikugeuka, na ilikuwa vizuri kwamba nilikatazwa kugeuka.

Tulitoka hifadhini alasiri. Njia nzima kwenda kwa mama mkwe, Josia alilala, ameshiba, tumbo kama ngoma. Nilikuwa nawaza nitamwamshaje na nitamwachaje.

Tukafika. Mama akashuka, akawasalimia wa kwake, akazunguka mti wa pale uani mpaka upande ambao mimi sipo lakini nasikia.

"Anitha, mwambie baba yako, Josia anarudi naye."

Anitha akafungua mdomo. Mama hakumsubiri.

"Mimi nabaki huku. Nikiwa kule mtakula mmejificha mpaka huyu mtoto aote ndevu. Na mimi kwa umri huu siwezi kujifunza kula mbele ya mkwilima. Leo nimejaribu, mgongo unaniuma. Wakale sinia moja kama alivyokuwa anawalisha binti yangu. Baba yako atajifunza kupika. Akiunguza, wale hivyo hivyo."

Wakuu, nilisema nitaandika ukweli. Cha kwanza nilifurahi. Cha pili niliona aibu kwa kufurahi, maana yule mama alikuwa anaiacha nyumba ya mwisho aliyoishi binti yake, jiko lake, vyombo vyake, watoto wake, na alikuwa anaiacha ili mimi niweze kula na wanangu bila kujificha.

Nilichuchumaa pale nilipokuwa. Nikasema mwenyewe, bila kumpitisha Anitha, "Wabheja, mama." Ndiyo asante yao.

Mama akajibu, "Nenda salama. Usiendeshwe na yule mpuuzi usiku."

Deo akasema, "Nimesikia mama."

Nilichojifunza ni kidogo. Mtoto hasikilizi unachomweleza kuhusu msiba, anaangalia unavyoishi baada yake. Na mila ya mama mkwe siidharau, mpaka leo namheshimu kuliko zamani. Ila sisi wawili tulikuwa tunaheshimiana juu ya kichwa cha mtoto na hatukuangalia chini.

Mlio na wakwe nyumba moja, nyie mnakulaje? Mliowahi kubaki na watoto wadogo, mlifanyaje mezani? Andikeni hapo chini, nasoma zote hata kama sijibu. Na mwenye njia rahisi ya kupika ndizi zisiungue aniandikie taratibu, hatua kwa hatua, kama unamwandikia mtu wa darasa la saba.

Namalizia na cha mwisho kilichotokea.

Shule zimefunguliwa wiki hii. Jana saa tano mwalimu wa Josia alinipigia simu. Akasema, "Baba Josia, leo kijana wako hakwenda nyuma ya darasa. Amekaa na wenzake kwenye mstari. Ila amewageuzia mgongo wote. Nimemwambia ageuke, anasema hivi ndivyo watu wanakula pamoja. Nimfanyeje?"

Nikamuuliza, "Uji ameumaliza?"

Akasema ameumaliza, na ameomba kikombe cha pili.